Soda nyekundu na tembo wa udongo: kisa cha familia yetu Chiang Mai

Nimeamua kukiandika hiki kisa chote kwa sababu kila nikiwasimulia watu wanaopanga kuja Thailand na watoto naulizwa mambo mawili tu, mlilipa shingapi na je mlisujudu. Hatukulipa na hatukusujudu, na yakaisha vizuri kabisa, ila ili mtu aelewe yaliishaje inabidi nianze mbali kidogo, maana ukisikia tu kwamba mtoto kanywa soda waliyowekewa mizimu unaweza ukaona ni hadithi ya kutisha au ukaona ni upuuzi wa kupuuzwa, na siyo yote mawili.

Wahusika ni hawa. Kaka yangu mkubwa, mkewe yaani shemeji yangu, binti yao yuko kidato cha kwanza, kijana wao wa miaka 7, na mama yetu mzazi ambaye humu nitamwita bibi kama watoto wanavyomwita. Ni familia ya Tanga, Waislamu, watu wa swala tano. Mimi niko Bangkok, kazi yangu mawe ya vito. Kwa wasiojua, mawe ya kwetu kama spinel ya Mahenge na garnet za bonde la Umba yanafika huku kukatwa na kuuzwa, na soko la mtaani la Chanthaburi, mji wa upande wa mashariki karibu na mpaka wa Cambodia, linachangamka kuanzia Ijumaa mpaka Jumapili na utakuta Waafrika wengi tu wamekaa mezani na vifuko vyao vya karatasi. Nalitaja hilo kwa sababu ndiko nilikokuwa siku jambo lilipotokea, wao walikuwa wametangulia Chiang Mai kwa treni ya usiku, kilometa 751 kutoka Bangkok, watoto ndo waliotaka kulala kwenye treni.

Ilikuwa likizo ya Disemba. Chiang Mai Disemba kuna baridi asubuhi, bibi alikuwa anashinda na sweta juu ya khanga. Mji mkongwe pale ulianzishwa na mfalme Mangrai mwaka 1296 na mpaka leo umezungukwa na mfereji wa maji wa pande nne, ndani yake vichochoro na mahekalu kila unapogeuka. Gesti waliyofikia ilikuwa humo ndani, nyumba ya mbao ya zamani yenye ua wa miti, mwenyewe ni mama mmoja wa miaka sitini na kitu. Mtaa mzima unamwita Pa, kwetu tungesema mama mkubwa, nasi tukamwita hivyohivyo, na yeye kuanzia siku ya kwanza akamwita bibi Yai, yani bibi. Wathai hawapendi kumwita mtu mzima jina kavu, kila mtu anapewa nafasi yake, dada, kaka, mjomba, bibi, hata muuza matunda usiyemjua. Kwa hilo bibi alijisikia nyumbani haraka kuliko sisi wote, hana Kithai wala Kiingereza lakini jioni walikuwa wanakaa na Pa barazani wanachambua mboga, kila mmoja anaongea lugha yake na wanaelewana.

Sasa huko uani, kwenye kona isiyofikiwa na kivuli cha nyumba, kulikuwa na vijumba viwili. Kimoja kipo juu ya nguzo moja, kina paa la kuchongoka kama la hekalu, ndani kuna sanamu ndogo ya mlinzi ameshika upanga. Cha pili kipo chini kidogo, nguzo zake nyingi, kimejengwa kama nyumba ya kawaida ya Kithai, ndani kuna vinyago vya mzee na bibi kizee, watumishi, wachezaji ngoma, farasi na tembo. Mbele yake sahani ndogo ya wali, glasi za maji, shada la maua ya njano, vijiti vya udi vinawaka, na chupa za soda nyekundu zimefunguliwa na kuwekwa mirija.

Ukija Thailand utaviona kila mahali, mbele ya maduka, kwenye vituo vya mafuta, kwenye maghorofa makubwa ya ofisi, hospitalini. Imani yenyewe ni kwamba ardhi ina wenyewe waliokuwepo kabla yako, ukijenga juu yake umewasumbua, kwa hiyo unawapa makazi na kuwahudumia, nao wanakulindia nyumba yako. Siyo Ubudha hasa, ni ya zamani zaidi na imechanganyika na mambo ya Kibrahmani, yaani ya Kihindu, ndo maana siku ya kusimamisha kijumba anaitwa mtaalamu wa ibada za Kibrahmani na saa inachaguliwa, lakini zaidi ya asilimia 90 ya watu wa nchi hii ni Wabudha na wengi wao hawaoni mgongano wowote kwenda hekaluni na kumhudumia mwenye ardhi asubuhi hiyohiyo. Soda nyekundu ukiuliza kwanini nyekundu utapata majibu mengi, wengine wanasema zamani ilikuwa damu ya mnyama, wengine wanasema ni rangi ya bahati, wengine wanakwambia tu wanapenda vitamu.

Jambo lingine ambalo watalii wengi hawalijui na kwenye kisa hiki ndo msingi wa kila kitu, ni kwamba chakula kile hakitupwi. Udi ukishaungua mpaka mwisho inahesabika kwamba mwenyewe ameshakula, basi aliyeweka anaunganisha viganja, anaomba ruhusa ya kuondoa, na baada ya hapo binadamu wanaweza kula na wanaona ni baraka. Yani kuna muda wa mwenyewe na kuna muda wa watu, na katikati kuna kuomba.

Tukio lenyewe. Jumamosi asubuhi kaka aliwakodishia watoto baiskeli wakazunguka mfereji, wakarudi wana kiu, kijana akaingia uani peke yake, akaona nyumba ndogo ya kuchezea yenye wanyama, na soda imefunguliwa na mrija upo. Mtoto wa miaka 7. Akanywa. Udi ulikuwa bado unawaka. Dada yake alipotokea akapiga kelele, Pa akatoka jikoni, akaona, akatabasamu, akasema haina shida haina shida kwa Kiingereza chake kidogo, akaichukua ile chupa taratibu akaenda kuleta nyingine. Kaka naye akatoka, alipoelezwa akacheka kwa kufarijika, akaomba msamaha juujuu, akatoa noti ya baht 500, pesa ya huku, akampa Pa. Pa akarudisha mkono nyuma. Kaka akasisitiza, si unajua sisi tunavyolazimishana kupokea, mwishowe akaiweka mezani pale barazani mbele ya wageni wengine wawili waliokuwa wanakunywa chai, akaona kamaliza.

Kuanzia hapo hali ikabadilika na hakuna aliyejua kwanini. Pa hakununa, hilo niliweke wazi, aliwapikia, aliwatabasamia, alisema kila neno alilokuwa anasema. Ila jioni hakuja kukaa barazani na bibi. Usiku shemeji kwenda chumbani kwake akamkuta Pa amesimama mbele ya vijumba peke yake na udi mwingi mkononi, na shemeji akaogopa. Halafu usiku uleule mtoto akapanda homa.

Voisi za watsapu nilizozikuta nilipofungua simu zilikuwa tatu, kila moja na rangi yake. Ya shemeji analia, anasema yule mama anatufanyia jambo, mtoto anachemka. Ya kaka amekasirika, anasema asubuhi wanahama, yeye hawezi kukaa nyumba ya masanamu na kuomba msamaha kwa sanamu, na pesa ameshalipa. Ya bibi ilikuwa fupi, akasema mwanangu njoo, homa ni ya upepo wa baiskeli nimeshampa panadol, lakini yule mwenzangu moyo wake hauko sawa na mimi sina lugha ya kumuuliza.

Nikaacha mawe, nikashika basi mpaka Bangkok na ndege ya kwanza kwenda Chiang Mai. Nilipofika homa ilikuwa imeshuka kabisa. Kabla sijaingia ndani nilikaa kwanza na mpwa wa Pa, kijana anayeendesha zile gari nyekundu za abiria ambazo Chiang Mai zimejaa kila barabara, watu mnakaa nyuma kwenye mabenchi mawili mnatazamana. Yeye ndo aliyenifungua macho, na alichoniambia sikukitegemea.

Pa hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa juu ya mtoto. Kwa imani yake mtu anayechukua cha wenyewe kabla udi haujaisha na bila kuomba anaweza akaugua, na mtoto ndo kabisa, kwa hiyo ule usiku shemeji alipomuona na udi mkononi alikuwa anamuombea mtoto wa shemeji asamehewe kwa kuwa ni mdogo na ni mgeni. Jambo ambalo shemeji alidhani ni uchawi dhidi ya mwanae lilikuwa ni dua kwa ajili ya mwanae. Nilipomweleza shemeji baadaye alikaa kimya muda mrefu.

La pili. Kuna tembo alikuwa hayupo. Kwenye kile kijumba cha chini palikuwa na tembo wawili wa udongo, sasa amebaki mmoja. Pa aliliona hilo mchana uleule wa Jumamosi na hakusema kitu. Kwa nini hakusema? Mpwa akaniambia atasemaje, yule ni mgeni wake, na Yai ni mtu mzima kuliko yeye, ukimwambia mtu mzima mjukuu wako kaiba umemvunjia uso. Kwa hiyo alikuwa anasubiri. Alikuwa amewapa nafasi ya kurudisha wenyewe bila mtu kuaibika, na ile noti ya 500 mezani akaiona kwamba labda ndo jibu lao, kwamba wanajua tembo kachukuliwa na wanamlipa bei yake waondoke naye.

Hapo ndo utaona pesa ya kaka ilivyofanya kazi ambayo mwenyewe hakuituma. Yeye alitoa kwa moyo safi, huo ndo ustaarabu anaoujua, umeharibu kitu cha mtu unafidia. Lakini fidia inatolewa kwa kitu chenye bei, na hapa kilichoguswa hakikuwa chupa ya soda inayouzwa dukani baht kumi na kitu, ilikuwa ni mapatano kati ya huyu mama na wale anaoamini wanamlindia nyumba. Halafu pesa ikatolewa mbele za watu, amekataa mara ya kwanza, ikasukumwa. Mthai wa umri ule hatakugombeza kwa hilo. Atatabasamu, na hilo tabasamu mtu wa kwetu anasoma kwamba yameisha, kumbe wakati mwingine ni mlango anakuachia wazi uingie mwenyewe.

Nataka nikae kidogo kwenye hili la kunyamaza maana ndo linalowaangusha wageni wengi wa kwetu, na nimeliona mpaka kwenye biashara. Sisi pwani tunajua mafumbo, tunajua kusema kitu kwa kanga na kwa mbali, lakini kosa la wazi la mtoto mbele ya mwenye mali litasemwa, tena kwa sauti, kisha litaisha palepale na chai itanyweka. Huku kupandisha sauti ndo kosa jipya kubwa kuliko la kwanza. Kaka asubuhi ile alikuwa anaongea kwa nguvu uani, kwamba sisi hatuabudu masanamu, kwa Kiingereza, na mpwa alimsikia na Pa alimsikia. Hakuna aliyekuwa amemwambia aabudu. Mpwa peke yake ndo aliyekuwa amependekeza, kwa nia njema, kwamba mtoto ashike vijiti vya udi aombe radhi mbele ya kijumba kama watoto wa pale wanavyofanya, na kaka akalipuka.

Nyumba ikagawanyika. Kaka anasema tuhame. Shemeji, kwa hofu ya ile homa, akaanza kusema labda mtoto ashike tu huo udi, Mungu anajua nia, ni kuwaridhisha tu. Kila mmoja ananitazama mimi kana kwamba kukaa Bangkok kumenipa umufti. Wengi mnaonishauri nikisimulia mnaangukia kambi moja kati ya hizo mbili, ukienda kwa watu fanya wanavyofanya, au hiyo ni shirki, kumshirikisha Mungu, lipa uondoke. Kwa maoni yangu zote mbili zingeharibu. Ya kwanza ingemfanya mtoto wa Kiislamu afanye ibada asiyoiamini na mama yake angeijutia mpaka leo, na Pa mwenyewe asingeipenda maana anajua vizuri Waislamu ni kina nani, kwa nini nitaeleza. Ya pili ingemwacha yule mama na tembo mmoja na hofu yake.

Aliyetoa njia ni bibi, na aliitoa kirahisi kwa sababu jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Yeye kakulia karibu na mapango ya Amboni. Mtu wa Tanga anajua kwamba mle ndani kuna sehemu watu wanaacha vitu vyao kwa mizimu, ubani, vitambaa, marashi, na bibi hajawahi kwenda kuomba hata siku moja, ni mtu wa msikitini, lakini alifundishwa tangu mdogo kwamba huombi pale na pia huchukui cha pale. Akatuambia, nyie mnabishana kuhusu sanamu, mimi sina neno na sanamu. Mimi nina neno na mwenzangu. Huyu mtoto kamkosea mtu, mwenye nyumba aliyempikia, basi amwombe radhi huyo aliyemkosea na arudishe alichochukua. Hayo ya kule kwenye kijumba ni yake yeye na imani yake, atayamaliza mwenyewe.

Lakini kwanza tembo apatikane. Kijana aliulizwa na bibi peke yake, siyo na baba, na akamtoa kwenye soksi ndani ya begi. Alikuwa mzima, mkonga haujavunjika.

Kisha bibi akataka kwenda sokoni. Tukaenda soko la Warorot, lile kubwa karibu na mto Ping, akachagua matunda kwa mkono wake, machungwa na mapera, akafunga vizuri kwenye kikapu. Nikamuuliza mama, hayo ni ya kuweka kule? Akasema ni ya Pa, atakachoyafanyia ni juu yake, mimi simwekei mtu mwingine.

Mchana Pa alikuwa barazani. Mimi nilitafsiri tu, na kwa kweli maneno ya kutafsiri yalikuwa machache. Bibi alikataa kiti akakaa chini kwenye mkeka, miguu kaikunja upande mmoja, namna ambayo wanawake wa pwani wanakaa na ndo namna hasa ambayo Wathai wanakaa mbele ya mtu wa kuheshimiwa ili nyayo zisimwelekee, hakuna aliyemfundisha. Pa kuona Yai amekaa chini akashuka haraka kutoka kwenye kiti naye akakaa chini, hawezi kukaa juu ya kichwa cha mtu mzima kuliko yeye. Kijana akaja magotini, akamtoa tembo kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemfundisha kuunganisha viganja mpaka ncha za vidole zifike puani, na kusema kho thot khrap, naomba radhi. Suala la viganja kaka alikuwa na wasiwasi nalo, bibi akamuuliza huyo mtoto anamfanyia nani, mtu au sanamu, kaka akasema mtu, bibi akasema basi, mdogo anaanza mkubwa anajibu, hiyo si ndo adabu tunayomfundisha kila siku.

Pa akalia. Akamshika mtoto mabegani, kichwani hakumshika, akamsemesha maneno mengi ambayo sehemu kubwa ilikuwa anamuuliza kama homa imeisha na kama amekula. Kwa bibi akasema kwa kupitia mimi kwamba alikuwa anaogopa kumuuliza. Bibi akajibu na mimi nilikuwa naogopa kukuuliza wewe. Halafu Pa akainuka na tembo wake, akaenda nae kwenye kijumba, akawasha udi mwenyewe, akasema aliyoyasema. Sisi tulibaki barazani, hakuna aliyeitwa, hakuna aliyetazamwa kwa jicho la kwanini hamji. Alipomaliza akarudi na bahasha, ndani yake noti ya baht 500, akampa bibi mkononi kwa mikono miwili. Kaka alitaka kufungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Bibi akapokea.

Kuna kipande kilichofuata ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Udi ulipoisha Pa akaomba ruhusa akaondoa zile soda, akaona kijana anazikodolea, akataka kumpa moja, maana sasa muda wa watu umefika na kwake hiyo ni baraka. Shemeji akakakamaa. Kwetu kilichotolewa kwa asiyekuwa Mungu hatuli, hilo liko wazi. Kabla sijatafuta maneno ya kukataa bila kumuumiza, Pa mwenyewe akasimama katikati, akasema neno wanalowaita Waislamu huku, akajipiga paji la uso kidogo, akaiweka ile chupa chini, akamtuma mpwa dukani kwenye kona alete nyingine iliyofungwa. Anajua. Chiang Mai ina Waislamu wa asili ya Yunnan, China, waliokuja na misafara ya biashara ya farasi na nyumbu, msikiti wao wa Ban Haw upo karibu tu na soko la usiku na Ijumaa asubuhi kuna soko lao la vyakula pembeni, na ile khao soi maarufu, tambi na mchuzi wa nazi na viungo, inahusishwa na watu haohao. Pa kasoma shule na watoto wao. Jioni ndiye aliyetuelekeza mgahawa wa halali na akaja kula nasi.

Kwa wanaodhani Pa alikuwa anakuza jambo dogo, mtu asichukue upole wake akadhani ndo kipimo cha uzito. Pale Bangkok makutano ya Ratchaprasong kuna sanamu ya Brahma, mungu wa Kihindu, yenye nyuso nne, watu wanaiita Erawan, ilisimamishwa mwaka 1956 wakati hoteli ya pale inajengwa na mikosi inafuatana. Mwaka 2006 mwanaume mmoja aliivunja kwa nyundo usiku na watu waliokuwa pale wakampiga mpaka akafa. Sanamu ikatengenezwa ikarudishwa mwaka huohuo. Mwaka 2015 mwezi wa nane lilipigwa bomu palepale wakafa watu 20, na siku chache baadaye watu walikuwa wamerudi na maua yao. Niliwapeleka familia tuliporudi Bangkok, tukasimama nje ya ukuta tukaangalia wachezaji ngoma waliokodiwa na watu ambao maombi yao yamejibiwa, na safari hii kaka mwenyewe ndo aliyekuwa amemshika kijana mkono na kumweleza nini ni cha nani.

Tukiwa bado Chiang Mai, njiani kushuka kutoka milimani tulipita kona moja kali yenye kijumba barabarani na chini yake sanamu za pundamilia, zimepangwa mistari kwa mistari, wakubwa kwa wadogo. Watoto walishangaa, pundamilia wa kwetu kafikaje huku. Mpwa wa Pa akaeleza wanavyoeleza wengi, kwamba ile michirizi ni kama ya kivuko cha barabarani, kwa hiyo wanawekwa sehemu za ajali wavushe watu salama. Akapiga honi akapita. Binti akaomba kupiga picha, akauliza kwanza kama inaruhusiwa, ikaruhusiwa.

Kaka ana hoja moja ambayo hajaiacha mpaka leo na mimi nakubaliana naye. Anasema mtoto wa miaka 7 hawezi kuhukumiwa kwa asichoambiwa, na mwenye gesti anayepokea familia za kigeni anatakiwa kusema siku ya kwanza, hapa ni pa nini na hapaguswi. Ni kweli, ile adabu ya kumlinda mgeni asiaibike ina gharama yake, na safari hii gharama aliibeba Pa mwenyewe usiku mzima amesimama na udi. Nilimfikishia hilo kwa kupitia mpwa wake, kwa upole, kama swali. Mpwa ananiambia siku hizi wageni wakifika na watoto Pa anawashika mkono wale watoto kabla hata ya kuwaonyesha chumba, anawapeleka mpaka kwenye vijumba, anawaonyesha mzee na bibi kizee na tembo wawili, kisha anawapeleka jikoni kuwaonyesha friji yenye soda za wageni.